Kampaundi Isiyo na Geti

Kijiwe cha Majibu kiko Kambarage, mjini Shinyanga, mbele ya duka la Sunil la vifaa vya ujenzi. Kimeitwa Majibu kwa sababu hakuna swali lililowahi kufikishwa pale likakosa jibu. Kama jibu lenyewe ni sahihi au si sahihi, hilo ni shauri lako ukishafika nyumbani. Samani zake si nyingi. Kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya ringi mbili za lori, kuna jiko la mkaa la Mama Enock na birika lake jeusi la kahawa, na kuna mfuko wa saruji ulionyeshewa mvua dukani kwa Sunil ukageuka jiwe, ukaburutwa nje, na tangu hapo umekuwa kiti cha wageni. Jumamosi hiyo, saa nane imeshapita na jua linachoma bila huruma, kiti hicho alikikalia Bujiku, muosha dhahabu kutoka kule karibu na Bulyanhulu. Alikuwa amevaa koti la kuazima na viatu vinavyombana, na jasho lilikuwa limemlowesha kola mpaka mgongoni.

— Shikamoo Mama Enock. Shikamoo Waziri.

— Marahaba mwanangu, akajibu Mama Enock, akimpa kikombe. Mbona umependeza hivi, umefiwa?

— Hilo koti ni langu, akasema Boaz, fundi pikipiki anayeitwa Spana, ambaye mama yake na mama yake Bujiku ni ndugu wa tumbo moja. Nimelivalia misiba yote ya ukoo. Usilipige pasi sana, litashangaa.

Waziri hakucheka. Jina lake ni Pantaleo, zamani alikuwa tarishi wa ofisi ya kata, na katika kubeba barua za wakubwa kwa miaka mingi alibeba na lugha yao.

— Kwa niaba ya kijiwe, akasema, nachukua fursa hii kumuuliza mgeni ajenda yake.

Bujiku alimeza kahawa yote kwa mkupuo, ikamuunguza, akakohoa mpaka machozi, ndipo akatoa yaliyomleta. Anampenda Mariana. Hilo kijiwe kilikuwa kinalijua siku nyingi, maana Mariana ndiye mwenye tanuri la mikate mtaa wa nyuma, na kila Bujiku akishuka mjini hununua mikate mingi kuliko mtu mwenye tumbo moja anavyoweza kula. Tatizo ni baba yake. Mwalimu Athanas alifundisha kemia tangu ana nywele mpaka akastaafu hana, na hajawahi kuamini kwamba somo lilikwisha. Jumapili iliyopita Bujiku alikwenda kujitambulisha. Alipoanza tu kutaja ng'ombe, mzee akamkatiza.

— "Ng'ombe Usukumani hawajaisha," ndivyo alivyoniambia. "Mimi nataka jambo moja. Hiyo ndoa unayoitaka na binti yangu itakuwa mchanganyiko au kampaundi? Njoo Jumamosi saa kumi unijibu, na sababu unipe. Ukijibu vizuri, lete washenga. Ukishindwa, kaoshe mchanga wako, na mikate utafute kwingine."

— Ukasemaje? akauliza Spana.

— Nikasema shikamoo.

— Shikamoo ya kuagia?

— Ndiyo iliyokuja mdomoni. Halafu nikatoka kwa mlango wa jikoni, nikatokea kwenye banda la kuku.

Mama Enock akashika tumbo. Bujiku mwenyewe akacheka kidogo, ila Mwalimu Athanas hana mchezo. Huyo ndiye aliyemrudishia posa mhasibu mzima kwa sababu alisema hewa haina uzito. Na Bujiku hakuwa anataka mke tu, kwamba akimkosa huyu atapata yule. Alikuwa anamtaka Mariana, anayepasha tanuri akiimba kwa sauti mbaya kabisa na hajali.

— Lakini msinihurumie, akasema, akitoa simu. Jibu ninalo. Nimekuja mnisikilize tu, nisije nikateleza ulimi. Tazameni.

Wakainamia kioo. Ilikuwa picha ya Bujiku amesimama kifua mbele kando ya geti jipya la chuma, na nyuma yake ukuta wa matofali umezunguka kijumba cha vyumba viwili.

— Wiki nzima sijaosha hata karai moja la mchanga, akasema. Nimejenga. Leo akiniuliza, namjibu: kampaundi, Mwalimu, na geti lake hili hapa!

Kijiwe kikalipuka kwa vifijo. Waziri alisimama akampa mkono, akasema huyu ni mkwe wa mfano. Spana alisema mchanganyiko ndiyo zile nyumba za kupanga, kila mlango mtu wake, choo kimoja, mnakutana asubuhi na ndoo. Kampaundi ni mume na mke na ukuta wao. Kwa kweli ilikuwa na mantiki. Ni Sunil peke yake, aliyekuwa amekaa kizingitini ili jicho moja libaki dukani, ambaye hakushangilia. Alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, na alipokiinua uso ulikuwa umelowa kwa kicheko.

— Geti nilimuuzia mimi, akasema. Sikujua kama linakwenda kuposa.

— Una maana gani?

— Ngosha, mimi Mwalimu Athanas amenifundisha. Kampaundi yake haina geti.

Huyo Sunil amezaliwa hapo Kambarage, babu yake Champaklal ndiye aliyefungua duka, na Kisukuma chake kinawashinda wengi wa hapo kijiweni. Akikuita ngosha, yaani mwanaume, ujue anazungumza kwa dhati.

— Haina geti? Bujiku akauliza. Sasa wageni wanaingiaje?

— Hawaingii.

— Na wa ndani wanatokaje?

— Hawatoki.

— Hiyo ni jela! akasema Waziri.

— Hiyo ni kemia, akasema Sunil.

Bujiku aliitazama picha ya geti, na geti likamtazama. Alihisi viatu vinazidi kubana.

— Gete? Kweli kabisa? akauliza kwa sauti ndogo. Sasa hiyo kampaundi ni nini?

— Hapo ndipo pana shida, akasema Sunil. Darasani nilikaa dirishani. Huku Mwalimu, huku kiwanja cha mpira. Nilipata nusu ya somo na nusu ya mechi.

— Tupe hiyo nusu. Ya somo.

— Mchanganyiko ni vitu viwili au zaidi vimekaa pamoja lakini kila kimoja kimebaki na tabia zake. Unaweza kuvitenganisha kirahisi. Kampaundi, vitu vimeungana mpaka vimekuwa kitu kingine.

— Basi mimi mtaalamu! akasema Spana. Akachukua kopo lake la vyuma na kulimwaga juu ya ubao: nati, bolti, mchanga, karanga moja iliyopotea siku nyingi. Kisha akapitisha sumaku ya spika mbovu aliyokuwa nayo mfukoni, na vyuma vikaruka kuing'ang'ania. Mchanga ulibaki. Karanga ilibaki.

— Mchanganyiko! kikaitikia kijiwe.

— Lakini hii, akasema Spana, akiinua mnyororo wa pikipiki ulioiva kwa kutu, hii huwezi. Chuma kimekaa na hewa na unyevu, kimekuwa kutu. Haing'ai, haikazi, inapukutika kama biskuti. Mpaka leo hakuna mteja aliyeniletea kutu nikampa chuma.

— Kutu ni kampaundi, akasema Sunil, na akaonekana kujishangaa kwamba nusu yake ya somo ilikuwa na uhai kiasi hicho.

Bujiku akaanza kuchangamka. Hata mgongo uliokuwa umepinda ulinyooka.

— Kwa hiyo dhahabu na mchanga ni mchanganyiko! Mimi napepeta kwenye karai, mchanga unakwenda na maji, dhahabu inabaki chini. Kumbe kazi yangu yote ni kutenganisha michanganyiko. Mimi ni mwanakemia!

— Na zebaki je? akauliza Spana. Si inaikamata dhahabu mpaka inakuwa donge moja?

— Ukiichoma zebaki inapaa, dhahabu inabaki ileile.

— Na wewe unabaki na huo moshi kifuani, akadakia Mama Enock. Acha huo mchezo wa zebaki, utakufa kabla ya harusi.

— Nimeshaacha, mayu, mama yangu, Mariana alinikataza.

Waziri alikohoa kikohozi cha kuomba kipaza sauti. Yeye alikuwa na hoja ya kitaifa: kwamba kuna kitu kinaitwa Muungano, na ingefaa kijiwe kipime kama ule ni mchanganyiko au—

— Waziri, akasema Mama Enock, bado tunataka kunywa kahawa yetu kwa amani.

— Naondoa hoja, akasema Waziri haraka. Naleta nyingine. Kahawa. Hii kahawa ina sukari, ina tangawizi, ina maji. Nani ataniondolea sukari humu? Hayupo. Kwa hiyo kahawa ni kampaundi, na Mama Enock ni kiwanda.

Hapo pakazuka ugomvi mzuri. Spana alisema sukari haionekani, kwa hiyo imeungana. Bujiku alisema kutoonekana si kuungana; hata dhahabu kwenye mchanga haionekani, na ipo. Waziri alisema kitu kisichoonekana hakina hadhi ya kisheria. Mwisho Bujiku akasimama.

— Mama Enock, tupe chumvi ya karanga zako. Na kifuniko cha sufuria. Na jiko.

— Jiko lina birika.

— Lishushe kidogo tu. Ni maisha yangu haya!

Mama Enock akamtazama, akaona kweli ni maisha yake, akalishusha birika chini. Bujiku akakoroga chumvi kwenye maji kidogo mpaka ikapotea. Kila mtu akachungulia kuthibitisha kwamba imepotea. Akayamwaga kwenye kifuniko, akakiweka juu ya makaa, na wote wakachuchumaa kukizunguka. Kwa kuwa kahawa iliyoshushwa ingepoa, na kahawa ya kupoa ni dhambi, wakawa wanajimiminia huku wanasubiri. Maji yakaanza kuchemka, yakapiga mapovu, yakapungua, yakapungua tena. Hata mteja aliyekuja kununua misumari aliambiwa na Sunil asubiri, naye akachuchumaa. Kisha ukasikika mlio mdogo, tss, na ndani ya kifuniko kukabaki utando mweupe.

Spana akagusa kwa kidole, akalamba.

— Chumvi!

— Chumvi! kikapiga kelele kijiwe kizima. Waziri alimkumbatia mteja wa misumari, ambaye hakujua anapongezwa kwa lipi lakini alishukuru.

— Imerudi yenyewe, akasema Bujiku, anacheka kama mtoto. Maji yamepaa, chumvi imebaki. Ni mchanganyiko. Na sukari ya kahawa ni hivyohivyo, imejificha tu.

— Ila chumvi yenyewe, akasema Sunil taratibu, akikuna kidevu, chumvi yenyewe ni kampaundi.

— Ya nini na nini?

— Ya sodiamu na klorini. Hii nakumbuka kabisa, maana siku hiyo mvua ilinyesha na mechi haikuwepo. Sodiamu ni metali laini, unaikata kwa kisu, na ukiitupa kwenye maji inawaka, inaweza hata kulipuka. Klorini ni hewa ya sumu. Ukiivuta nyingi, inakumaliza.

Mkono wa Waziri, uliokuwa njiani kuelekea mdomoni na karanga za chumvi, ukasimama hewani.

— Rudia, akasema Waziri.

— Bomu na sumu. Vikiungana vinakuwa chumvi.

— Mama Enock! Waziri akarusha karanga chini. Umetulisha bomu miaka yote hii?

— Na mke wangu anatia kwenye mchicha! akasema Spana. Na mchicha una maji!

— Tulieni nyie! akasema Sunil, akicheka. Ndiyo maana ya kampaundi. Ile sodiamu ikishaungana haina tena tabia ya kulipuka. Ile klorini haina tena tabia ya kuua kwa kuvutwa. Kila mmoja ameacha mambo yake ya zamani, wamekuwa kitu cha tatu. Na huwezi kuwatenganisha kwa karai wala sumaku wala kifuniko cha sufuria.

Waziri alifikiri. Kisha akainama, akaziokota karanga zake moja moja, akazipuliza, akazila kwa heshima mpya.

Bujiku alikuwa amerudi kukaa kwenye mfuko wa saruji, na ghafla akaruka kama ameumwa na nge.

— Hii! Hii saruji! Ilikuwa unga, si ndiyo? Ikanyeshewa, ikawa jiwe. Maji yalipaa, unga ukarudi?

— Haukurudi, akasema Sunil kwa uchungu wa mwenye mali. Nimeianika mwezi mzima.

Spana akachukua nyundo akaigonga pembeni. Kipande kikameguka. Akakisaga kwenye kiganja, akakimwagia maji, akakikoroga kwa kidole: tope la vumbi la jiwe, halishiki kitu.

— Ilishaungana na maji, akasema Bujiku. Huwezi kuirudisha. Nimekalia kampaundi saa nzima natafuta kampaundi!

Sasa kilichobaki ni ndoa, na hapo kila mtu akawa daktari. Spana alisema yake ni mchanganyiko mtupu: yeye na mkewe Mama Lusia wako ndoo moja, lakini ukiitikisa tu, mmoja anaelea na mwingine anazama. Sunil alisema ya kwake ni kampaundi, kwa sababu mkewe Aarti alipokuja kutoka Mwanza alikuwa hapendi joto, hapendi vumbi, hapendi duka. Leo ndiye anayejua bei ya kila bawaba.

— Ya kwangu ni kampaundi ya daraja la kwanza, akasema Waziri. Mama Blessing alikuwa Msabato, nikambadilisha, sasa ni Mkatoliki kuliko padri. Alikuwa anakula samaki, mimi samaki sitaki, akaacha. Alikuwa anacheka kwa sauti, nikamwambia mke wa mtumishi wa umma hacheki hivyo, akaacha.

— Ndiyo hiyo! akasema Bujiku, macho yanang'aa. Kuacha tabia za zamani! Nimeelewa. Mama Enock, saa ngapi?

— Inakaribia kumi.

— Basi nisikilizeni kwa mara ya mwisho.

Akapanda juu ya mfuko wa saruji, akafunga vifungo vya koti la misiba, akanyoosha mkono kama sanamu ya kiongozi. Kijiwe kikakaa vizuri.

— Mwalimu Athanas, shikamoo. Ndoa yetu haitakuwa mchanganyiko. Mchanganyiko kila mmoja anabaki na tabia zake, hata sumaku inawatenganisha. Yetu itakuwa kampaundi! Mariana ataacha tabia zake za zamani. Ataacha Kambarage, atahamia kwangu. Ataacha tanuri, maana kule kuna kazi ya kuniangalia mimi. Ataacha kuitwa Mariana, ataitwa Mama wa watoto wangu. Atakuwa kitu kingine kabisa, wala hatarudi alivyokuwa, kama hii saruji ninayoikanyaga!

Alingoja vifijo. Havikuja. Spana alikuwa ameshika kinywa. Waziri alikuwa anatazama juu, anahesabu mawingu, na mawingu hayakuwepo. Bujiku akageuka polepole.

Mariana alikuwa amesimama nyuma yake na chupa ya chai mkononi, unga mweupe umemkaa kwenye nyusi.

— Baba amenituma kahawa, akasema. Anasema kuna mgeni saa kumi, anataka ampokee vizuri.

Bujiku aliteremka kutoka juu ya mfuko kama anayeteremka mtini na mbwa yuko chini.

— Nimesikia, akasema Mariana. Umeeleza vizuri. Nilidhani hutajua hata moja. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomtisha Bujiku zaidi. Kwa hiyo ni kampaundi, akaendelea. Mimi naacha mtaa, naacha tanuri, naacha na jina.

— Eeh... kwa mfano tu.

— Sawa. Na wewe unaacha nini?

Kijiwe cha Majibu kikanyamaza. Bujiku alitafuta ndani yake kitu alichokuwa amepanga kukiacha, akakuta kila kitu kiko mahali pake, kimepangwa vizuri, hakijaguswa. Aliona aibu, aibu ya kweli inayopanda mpaka masikioni. Akamtazama Sunil, Sunil akatazama misumari. Akamtazama Spana, Spana akaanza kuzoa nati zake.

— Waziri, akasema Mama Enock kwa sauti ya upole mno, na wewe uliacha nini?

Waziri alinyoosha kikombe chake.

— Naomba kwanza kahawa.

— Imekwisha, akasema Mama Enock, akaligeuza birika kichwa chini, likatoa tone moja. Mmeinywa yote mkisubiri chumvi.

Mariana akakunja mkono uliobeba chupa tupu. Aligeuka kama anayetaka kuondoka, na Bujiku akajua kwamba akimwacha afike kwenye kona ile bila neno, hata akijibu vizuri saa kumi haitasaidia kitu.

— Mariana. Tanuri lako ni la matofali?

— Matofali. Kwa nini?

— Mwezi uliopita ulisema ni dogo. Ulisema unawafukuza wateja asubuhi kwa sababu mikate haitoshi.

— Ndiyo, nilisema. Matofali sina.

— Mimi ninayo. Nina ukuta mzima.

Akamwonyesha ile picha. Mariana aliishika simu, akaitazama, akamtazama yeye, akaitazama tena.

— Huu ukuta ni wa nini?

— Ni wa kampaundi, akasema Bujiku. Nilielewa vibaya.

Kicheko kilimtoka Mariana kwanza puani, kisha kikamshinda nguvu akakaa kwenye ubao karibu na Waziri, unga unamwagika kutoka kwenye nyusi, anacheka kwa ile sauti kubwa ambayo mke wa mtumishi wa umma hatakiwi kuwa nayo. Waziri aliisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na kuna kitu kilimpita usoni.

— Nitaubomoa, akasema Bujiku, sasa maneno yanamtoka yenyewe. Niulete wote hapa, tulipanue tanuri. Nimekaa kule miaka yote kutenganisha vitu, hata ukuta nimejenga ili nitenganishe. Naacha ukuta. Mengine bado sijayajua, Mariana, Mungu ananiona. Lakini ukuta naanza nao.

— Na geti?

— Liwe mlango wa tanuri.

— Geti la kupitisha gari, liwe mlango wa tanuri! akafoka Spana. Mtaoka nini humo, ng'ombe?

Lakini Sunil alikuwa amesimama kizingitini, uso umebadilika.

— Subirini, akasema. Bujiku, ukuta umeujenga kwa saruji au udongo?

Kijiwe chote kikageuka. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wote wakautazama ule mfuko uliogeuka jiwe, na pembe yake iliyomeguka, na tope lisiloshika kitu kwenye kiganja cha Spana. Kama ni saruji, matofali na ukuta ni kitu kimoja sasa. Ukibomoa utapata vipande.

Bujiku alifumba macho, akajiona amepiga magoti juani wiki nzima, mikono imejaa tope.

— Udongo, akasema. Saruji ningeitia baadaye. Niliutia udongo na maji tu.

— Yaani ukiulowesha?

— Unalainika! Matofali yanatoka moja moja, mazima!

— Mchanganyiko! akapiga kelele Spana, akirusha nati juu.

— Mchanganyiko oyee! akaitikia Waziri, na kijiwe kikaitikia oyee, na mteja wa misumari naye akaitikia, huku Mama Enock akipiga kifuniko cha sufuria kwa kijiko. Mchanganyiko haujawahi kushangiliwa namna ile mahali popote Shinyanga.

Katikati ya kelele hizo Waziri aliinuka, akajipangusa suruali, akasema ana udhuru.

— Unakwenda wapi? akauliza Spana.

— Sokoni. Kuulizia samaki.

Hakuna aliyemcheka. Bujiku alikuwa hayupo tena pale kwa akili. Alikuwa anaifuata chupa tupu ya chai iliyokuwa inatangulia kuelekea mtaa wa nyuma. Akavua koti la Spana, akalirusha kwenye ubao. Alivua na viatu pia, akavishika mkononi. Akamfikia Mariana kwenye kona.

— Baba yako atakasirika hakuna kahawa?

— Atakunywa maji. Maji nayo ni kampaundi, usije ukamwambia sivyo.

Walitembea kidogo. Saa kumi ilikuwa imeshapita, na mlangoni kwao, mbali kidogo, mzee mwenye upara alikuwa amesimama na mikono nyuma, anawatazama wanavyokuja: binti na unga usoni, kijana peku.

— Mariana, akanong'ona Bujiku. Sasa nimwambie nini? Ukuta ni udongo, hilo nimelielewa. Sisi je?

Mariana hakumtazama. Alimpa chupa aibebe.

— Sisi mwambie saruji, akasema. Lakini mwambie na wewe umelowa, si mimi peke yangu.